Gari Lililojua Kusoma

Gari lilikuwa na macho manane na lilisoma kwa yote. Papa Numbi alikuwa na macho mawili, na hayo hayakuwahi kusoma hata jina la mwenyewe. Kwa hiyo siku Hénock, mwanawe, alipoliegesha mbele ya mlango kule Berchem-Sainte-Agathe, ilikuwa wazi nani kati yao wawili ndiye msomi.

"Papa, hii inajiendesha karibu yenyewe," alisema Hénock, akipangusa kioo kwa mkono wa koti. "Weye unashika tu usukani. Yenyewe inaona, inasoma bibao ya njia, inapima mwendo. Unaweza hata kupumuzika."

Papa Numbi alilizunguka mara moja. Akalipiga tairi teke dogo, kama mtu anayesalimia. Alikuwa ameendesha lori la mawe ya shaba miaka kumi na miwili kati ya Kolwezi na Lubumbashi, wakati kila shimo la barabara ile lilikuwa na jina. Kisha Brussels, miaka ishirini na sita ya kupeleka mboga sokoni. Katika yote hayo alimgonga mbuzi mmoja tu, na mbuzi ndiye aliyekuwa na makosa. Sasa, na miaka yake sabini na minne, alikuwa ameletewa mashine ya kumpumzisha.

"Asanti," alisema. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno yalikuwa ya mke wake.

Watu wawili tu duniani walijua kwamba Papa Numbi hajui kusoma. Mmoja alikuwa yeye. Mwingine alizikwa mwaka jana huko Woluwe-Saint-Lambert.

Leseni yake aliipata Kolwezi kwa kuendesha, si kwa kuandika. Alipofika Ubelgiji walimbadilishia, wakampa nyingine, na hakuna aliyeuliza kitu, maana nani atamuuliza dereva kama anajua kusoma? Tarakimu alizijua. Alama za duara na pembetatu alizijua kuliko waliozichora. Yaliyobaki, maneno, yalikuwa kazi ya kiti cha kulia.

Ilikuwa hivi. Papa Numbi akiona kibao chenye maandishi, hakuuliza. Aligeuza uso kulia kidogo, basi. Na Mauwa, mkewe, aliyekuwa amekaa pale na mkoba mapajani, alianza kusema: "Kushoto, baba Hénock. Kuume banafunga." Kisha, ili jambo lisionekane, aliendelea kusoma kila kilichopita dirishani. Sabuni. Viatu nusu bei. Nyumba ya kupangisha. Tamasha lililokwisha wiki iliyopita. Watoto nyuma walichoka.

"Maman, papa anaona!" alipiga kelele Hénock siku moja, akiwa na miaka tisa.

"Na miye naona," alijibu Mauwa. "Macho ni ya bure."

Kanisani walimwita mama wa mdomo. Mashemeji walimhurumia Papa Numbi waziwazi, mwanamume mtulivu namna ile na redio isiyozimika. Mauwa alisikia yote. Miaka arobaini na sita hakujitetea hata mara moja.

Yeye mwenyewe Papa Numbi alikuwa na silaha zake. Miwani ya kusomea, safi kabisa, haikuwahi kuchoka. Gazeti la kushika kwa daktari. Biblia yenye utepe, ambao Mauwa aliuweka mahali pake kila Jumamosi jioni. Tangu Mauwa afariki, utepe ulikuwa umekaa Waamuzi sura ya nne mwaka mzima, na Papa Numbi aliifungua hapo kila Jumapili kwa heshima kubwa.

Zamani waliishi Woluwe. Mauwa alisafisha korido za hospitali kule miaka ishirini na miwili, na mwisho akalazwa ndani yake, akawa anawaambia wauguzi wasikanyage palipo na maji. Alipozikwa, Hénock alimhamishia baba yake Berchem ili awe karibu na watoto. Wazo zuri. Ila Berchem iko magharibi kabisa mwa mji na kaburi liko mashariki kabisa, na kati yao kuna metro yenye majina kwenye kuta. Mara moja alijaribu. Kituo kimoja kilifungwa, watu wote wakatazama tangazo, wakashuka, naye akashuka nao. Alitembea saa tatu na goti lake bovu kuliko kumwomba mtu amsomee.

Kwa hiyo gari, pamoja na macho yake manane, lilikuwa na faida moja. Lilimpeleka kwa Mauwa kila Jumanne saa nne asubuhi. Na lilikuwa na sauti. Mwanamke fulani alisema ndani yake kwa Kifaransa kisafi: geuka kushoto, nenda moja kwa moja, barabara imefungwa. Hakuwa na habari za viatu wala sabuni. Lakini alisoma, na Papa Numbi hakumdai zaidi.

Mwezi wa tatu tangu gari lije, asubuhi moja, kioo cha gari kilijaa maandishi. Chini vifungo viwili, kimoja cha buluu, kimoja cha kijivu. Papa Numbi alikumbuka Mauwa alivyomfundisha kwenye mashine ya benki: "Ile yenye rangi njo ya kusema ndiyo." Akabonyeza buluu. Ilikuwa kurasa kumi na moja, na alizikubali zote kwa kidole kimoja.

Kesho yake gari lilikuwa limeboreshwa. Mwanamke hakusema tena. Kurasa zile, kama zilivyokuja kusomwa baadaye, zilieleza kwamba kwa ajili ya utulivu wa dereva sauti imeondolewa, na kila kitu sasa kitaandikwa vizuri kwenye kioo. Utulivu ulikuwa mkubwa kweli. Tena nyuma ya usukani kamera ndogo iliamka, kazi yake kumtazama dereva machoni. Macho yakiacha barabara kwa sekunde mbili, gari linalia kama kuku aliyekanyagwa, na onyo linaenda kwenye simu ya mwenye gari. Mwenye gari, kwa karatasi, alikuwa Hénock.

Jumapili ya pili baada ya kuboreshwa huko, Hénock alimngoja baba yake nje ya kanisa na simu mkononi.

"Papa, hii ni onyo ya troisième, ya tatu. Gari inasema haukuangalia njia."

"Niliangalia."

"Inasema ulikuwa unaangalia kuume. Kuume kuko nini?"

Papa Numbi alifikiri. Kuume kulikuwa na kiti. Mauwa hakuwahi kukalia kiti kile, gari lilinunuliwa akiwa ameshazikwa, lakini shingo ya mtu haisomi tarehe. Kila akiona maandishi, iligeuka yenyewe.

"Hakuna kitu," alisema, na ilikuwa kweli.

"Bon. Sikia, papa. Ikifika cinq, unanipatia ufunguo. Sitaki kukuzika na weye."

Tano. Zilibaki mbili. Kama ni kueleza, angeeleza kwa neno moja, na neno hilo Mauwa alilificha miaka arobaini na sita. Kama si kueleza, Jumanne hazikuwa nyingi tena.

Akaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kwa Dady kinyozi. Nywele alikuwa hana za kutosha, lakini pale watu huzungumza juu ya magari kama wengine wanavyozungumza juu ya ndugu. Alimkuta Rahim, dereva wa teksi kutoka Tanga, kidevu kikiwa na povu.

"Mzee wangu, umekuja mahali penyewe," alisema Rahim aliposikia. "La kwangu baada ya update linaogopa vivuli. Napita chini ya daraja, linafunga breki. Abiria kajimwagia kahawa. Nikaandika malalamiko. Unajua wamenijibu nini? Asante kwa kutusaidia kuboresha huduma."

"Linaogopa kivuli?" aliuliza Papa Numbi.

"Kivuli, mzee. Gari la tani mbili."

"Na linasoma?"

"Linasoma sana! Linasoma hata yasiyolihusu. Juzi limeona tramu nambari kumi na tisa, likataka tutambae kilomita kumi na tisa kwa saa. Watu wananipigia honi, mimi nimekaa kama bwana harusi."

Dady aliacha wembe hewani. "Tonton Numbi, yangu ni ya zamani, ya mwaka deux mille quatre. Haijue kusoma hata kidogo. Tunasikilizana muzuri."

Papa Numbi alicheka. Mwaka mzima alikuwa hajacheka, na koo lake lilitoa sauti ya mlango wa stoo.

"Sasa, tonton, ile kamera inaangalia macho, si ndiyo?" alisema Dady. "Bon, ficha macho. Vaa lunettes ya jua. Itaona nini?"

"Dady, wewe profesa," alisema Rahim.

Jumanne iliyofuata Papa Numbi aliingia garini amevaa miwani nyeusi ya mazishi. Hakufika hata mwisho wa mtaa. Gari lilitafuta macho, likayakosa, likahitimisha kwamba hakuna dereva. Likalia, likawasha taa zote, likasimama lenyewe mbele ya duka la mikate huku Papa Numbi amekaa ndani, mikono miwili kwenye usukani, mzima, hayupo.

Onyo la nne. Hénock alipiga simu kabla taa hazijazimika.

"Papa, gari inasema haukuwa ndani!"

"Nilikuwa."

"Juma ijayo naenda na weye. Ni mwaka moja ya maman. Nitaona miye mwenyewe vile unaendesha. Na ikilia tena, ufunguo unabaki kwangu."

Jumanne hiyo Hénock aliomba ruhusa kazini, akaja na suti na chungu cha maua meupe. Akafungua mlango wa kulia, akaketi. Papa Numbi alitazama mkanda ukivutwa na kufungwa pale, kitu ambacho hakuwa amekiona mwaka mzima, akawasha gari.

Walipoingia barabara kubwa inayoelekea Basilika, Hénock alianza.

"Achilia, papa. Wacha ifanye kazi yake."

"Nitaendesha tu."

"Nilinunua ya kujiendesha, weye unaiendesha. Sasa ni faida gani? Achilia."

Papa Numbi aliachilia. Mbele yao lilikuwa basi kubwa la watalii, na mgongoni mwake kibandiko cha duara chenye 100, mwendo ambao basi lile lina ruhusa nao huko kwenye njia kuu. Hapa mtaani ilikuwa hamsini, na mtoto wa shule anajua. Gari lilikitazama kile kibandiko kwa macho yake manane. Kwenye kioo ikatokea 100, kubwa, safi. Basi likahama kwenda kulia, barabara ikawa wazi, na gari likaruka.

Hénock alisema kitu cha Kilingala ambacho hakisemwi mbele ya baba. Chungu cha maua kilipiga kioo, udongo ukammwagikia suti. Papa Numbi alikuwa ameshakanyaga breki zamani. Mguu wake haukungoja kusomewa. Walisimama kwenye taa nyekundu, mbele kidogo tu ya mistari ya watembea kwa miguu, ambapo bibi mmoja mwenye mbwa aliwatazama kwa muda.

"Juu ya nini imekimbia?" aliuliza Hénock. Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Imesoma."

"Imesoma nini?"

"Mugongo ya basi."

Hénock alipangusa udongo. "Ni kasoro kidogo ya mise à jour, ya kule kuboreshwa," alisema. "Batatengeneza."

"Ndiyo," alisema Papa Numbi. "Mpaka hapo nipumuzike."

Kutoka hapo aliendesha mwenyewe, na Hénock hakumwambia aachilie. Walipita katikati ya mji. Kamera ilimtazama Papa Numbi, Papa Numbi alitazama barabara, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyelia. Alianza kufikiri kwamba labda itapita.

Karibu na Montgomery waliikuta barabara imechimbwa. Wiki mbili nyuma ilikuwa nzima. Vizuizi vyeupe na vyekundu kila upande, na katikati vibao viwili vya rangi ya machungwa, vimejaa maandishi, bila mshale hata mmoja. Njia mbili, moja huku, moja kule. Kwenye kioo cha gari napo yakatokea maandishi, mistari mitatu, yametulia kabisa.

Papa Numbi alipunguza mwendo. Akasimama. Nyuma wakaanza kupiga honi. Tramu iligonga kengele.

Shingo yake ikageuka kulia.

Gari likalia.

"Papa, angalia njia!" Hénock alishika mpini wa mlango. "Papa! Unaniangalia miye juu ya nini?"

"Soma," alisema Papa Numbi.

"Nini?"

"Kibao. Soma."

"Si unakiona?"

"Nakiona."

Gari lililia tena, refu, na mfukoni mwa Hénock simu ikatetemeka. Ilikuwa ya tano. Hénock aliitoa, akaitazama. Akatazama kibao. Akamtazama baba yake, miwani ile safi ikichungulia mfuko wa shati. Na polepole, juu ya ile suti yenye udongo, uso wake ukawa wa mtoto wa miaka tisa aliyekaa kiti cha nyuma anayesikia mama yake akisoma matangazo ya sabuni.

Honi ziliendelea. Papa Numbi alingoja. Hakuwa na haraka, jambo lenyewe lilikuwa limeshatoka.

"Déviation," alisoma Hénock. "Woluwe ni kushoto, papa. Kuume... kuume banafunga."

Papa Numbi aligeuza usukani kushoto.

Walipita mtaa mmoja. Kisha Hénock, akitazama dirishani, akaanza. "Boulangerie, mikate. Banafunga siku ya kwanza ya juma." Mtaa mwingine. "Nyumba ya kupangisha. Vyumba mbili." Tena. "Coiffeur ya nywele. Bila rendez-vous, unaingia tu."

"Hiyo haina lazima," alisema Papa Numbi.

"Maman alikuwa anasoma yote."

"Maman alikuwa anasoma muzuri."

Makaburini Papa Numbi alitoa kitambaa chake na chupa ya maji, akaosha jiwe kama kila Jumanne. Hénock alipanda upya maua yaliyosalia. Jiwe lilikuwa jeusi na maandishi ya dhahabu, na Papa Numbi aliyajua yote kwa vidole, kila herufi, mahali uchafu unapojificha. Alikuwa ameyaosha Jumanne nyingi.

"Imeandikwa nini?" aliuliza.

Hénock aliinua kichwa. "Mauwa Kisimba. Mwaka ya kuzaliwa, mwaka ya kufa. Chini: Muke ya Numbi."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, papa."

Papa Numbi alikamua kitambaa. "Muntu wa kusema vile," alisema, "mukamupatia mustari moja."

Walirudi garini. Mlangoni Papa Numbi alitoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe. Tano ni tano, na yeye hakuwahi kuvunja ahadi. Hénock alisimama nao muda mrefu, akiugeuza. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa kulia, akaketi tena mahali pa mama yake, akauweka ufunguo pale katikati ya viti.

"Ingia, papa. Sijue vile bamechimba huko nyuma."

Kabla hawajaondoka alizisoma zile kurasa kumi na moja, kwa sauti, zote, huku Papa Numbi akila ndizi. Ukurasa wa saba ulisema kwamba sauti inaweza kurudishwa, ni kubonyeza mara mbili tu. Hénock alibonyeza mara mbili. Mwanamke akarudi kutoka alikokuwa, hana aibu, akamwamuru Papa Numbi kwa Kifaransa kisafi atazame mbele.

Na papo hapo kioo kikajaa maandishi mapya. Vifungo viwili, buluu na kijivu.

"Ingine tena," alisema Hénock, kidole kikielekea buluu.

Papa Numbi alimshika mkono. "Ile ya majivu inasema nini?"

"Inasema Plus tard. Baadaye."

"Nionyeshe."

Hénock alimwonyesha, herufi kwa herufi. Papa Numbi alivaa miwani. Lilikuwa neno lake la kwanza, na alikuwa ameliendea miaka sabini na minne, basi hakuona sababu ya kuharakisha. Alilipitia mara tatu. Kisha akalibonyeza mwenyewe.

Tangu hapo kila Jumanne gari humwuliza, na kila Jumanne Papa Numbi huvaa miwani, husoma kifungo kizima, hubonyeza kijivu. Mwanamke wa ndani ya gari husema kushoto, husema kulia. Hata hivyo, barabara ikichimbwa au kibao kipya kikisimamishwa, shingo huenda yenyewe kule ilikozoea, na gari hulia.

Onyo la kumi na nne lilifika kwenye simu ya Hénock Jumanne iliyopita, saa nne na nusu. Hakupiga simu.